Kuta za lopitali za zamani zinatueleza nini



Kila mara tunapokutana kwa kuhesabu feza za sanduku la wagonjwa, swali moja linarudi: kwa nini lopitali iko kule, na sisi tuko huku? Memba wa bonde la Ruzizi analipa motari. Memba wa milimani anabebwa kwa tipoyi kutwa nzima. Mara nyingi feza ya njia inapita feza ya dawa. Katika toleo hili tumeona vizuri tujibu kwa njia ya historia, juu lopitali haikuanguka pale ilipo kama mvua. Kuna watu waliochagua ile fasi, na walikuwa na sababu zao. Sababu zile zimeandikwa kwa karatasi za serikali, lakini karatasi zinasema upande wa aliyeziandika. Upande wa pili umebaki katika udongo, katika matofali na katika miti. Kuna elimu inayousoma upande huo, nayo ni akiolojia.

Wengi wetu tukisikia akiolojia tunafikiri vyungu vya mababu. Ni kweli kwetu ilianza hivyo. Jean Hiernaux na Emma Maquet walitoa vitabu mwaka 1957 na 1960 juu ya vyungu na kazi ya chuma ya zamani sana katika Kivu, Rwanda na Burundi. Wakati ule lopitali za mukoloni zilikuwa zimejaa wagonjwa, na hakuna aliyewaza kwamba nazo siku moja zitakuwa mabaki ya kusomwa. Leo wako watafiti wanaozisoma. Mwaka 2016 Wenzel Geissler, Guillaume Lachenal na wenzao walitoa kitabu juu ya mabaki ya kazi ya utabibu katika Afrika: Ayos kule Kamerun, Uzuakoli ya Nijeria, Amani katika milima ya Usambara, Tanzania. Walitembea kati ya majengo, wakaangalia maabara, makabati na karatasi zilizobaki, na wakasikiliza wazee waliofanya kazi pale.

Kwa ufuko wetu wa kaskazini ya Tanganyika kazi kama ile ingetufaa sana. Tueleze kwa nini.

Kwanza uzio, kisha dawa

Mwanzoni mwa karne ya 20 malale, ule ugonjwa wa usingizi, ilishambulia fuko za maziwa yetu makubwa. Upande wa Uganda, kando ya Ziwa Viktoria, iliua watu zaidi ya 200,000 kati ya 1900 na 1920. Kwa Tanganyika iligusa pande zote mbili: magharibi ilikuwa Kongo ya mufalme Leopold, mashariki ilikuwa nchi ya Wajerumani, wale wazee wetu waliwaita Wadachi. Inaletwa na mbung'o, ile nzi inayopenda kivuli cha vichaka karibu na maji. Sasa fikirini nani anakaa karibu na maji: mvuvi, mama anayechota, mtu wa mtumbwi.

Mwaka 1903 shule ya utabibu ya Liverpool ilituma waganga watatu katika Kongo: Joseph Dutton, John Todd na Cuthbert Christy. Dutton alikufa Kasongo, katika Maniema, Februari 1905, juu ya homa ya kupe, ile inayoitwa kimputu. Dutton na Todd walifundisha njia ya haraka ya kutambua malale: kupapasa shingo. Tezi zikivimba, mtu anahesabiwa mgonjwa. Serikali ilipenda njia ile juu haikudai maabara. Askari wanakusanya kijiji, munganga anapitisha vidole kwa shingo za watu, na wanaoonekana wagonjwa wanatengwa. Fasi waliyotengwa iliitwa lazareti.

Ng'ambo, mwaka 1906 na 1907, munganga Mjerumani Robert Koch alijaribu dawa ya atoxyl kwenye visiwa vya Sese. Dawa ile ilikuwa na sumu ya arseniki ndani. Ilificha vijidudu kwa muda, lakini watu kadhaa walipofuka macho. Baadaye Wajerumani walifungua kambi za malale kando ya Viktoria na kando ya Tanganyika. Mwanahistoria Mari Webel aliandika juu ya kambi zile mwaka 2019, na sehemu moja ya kitabu chake inahusu Imbo ya kusini, kule Burundi, ng'ambo yetu. Anaonyesha kwamba watu hawakukaa bure wakingoja kuamriwa. Walipima. Walipoona faida walikuja, na walipoona wenzao hawaponi, waliacha.

Kwa upande wa Kongo, Maryinez Lyons aliandika mwaka 1992 juu ya malale katika kaskazini ya nchi yetu, sehemu za Uele. Anaeleza namna lazareti ilivyoogopwa: watu waliiona kama gereza, na kama fasi ya kufia mbali na ndugu. Serikali ilikataza watu kutoka sehemu za ugonjwa na kuingia sehemu nzima, na baadaye ikadai paspoti ya kimatibabu mkononi mwa msafiri.

Basi, tukiuliza nani alipata matunzo wakati ule, jibu la kwanza si la kufurahisha. Aliyeingizwa lazareti hakuwa ameomba kutunzwa. Serikali ilimuogopa, juu kazi ya mpira, kazi ya kubeba mizigo na kodi vilihitaji watu wazima wenye nguvu. Karatasi zinasema "wagonjwa waliopokelewa". Ukiulizwa kama walipokelewa ao walifungwa, udongo unaweza kukusaidia. Mashimo ya nguzo yanaonyesha uzio ulipita wapi. Msingi wa nyumba ya mlinzi unaonyesha kama alikaa karibu na dawa ao karibu na mlango. Komeo la mlango linaonyesha kama ulifungwa kwa ndani ao kwa nje. Idadi ya makaburi inaweza kuwekwa kando ya idadi ya waliopona katika raporo. Haya hakuna raporo iliyoyaandika wazi.

Ardhi tupu haikuwa tupu tangu zamani

Jambo la pili linatugusa sana sisi tuliorudi.

Ili kupiga mbung'o, serikali zote za ukoloni zilihamisha watu. Katika Uganda, gavana Hesketh Bell aliamuru watu waache ufuko wa Viktoria, na visiwa vya Sese vikaondolewa watu. Upande wa Burundi watu wa Imbo walihamishwa juu ya malale. Waingereza nao walikusanya watu wa Buha katika makazi mapya miaka ya 1930. Wale kati yetu waliokaa Lugufu na Nyarugusu, tukikata kuni katika pori la Kigoma, tulipita katika nchi ambayo zamani ilikuwa na vijiji, na ambayo serikali ilipanga upya kwa jina la afya.

Mtu akihamishwa, nyumba ya miti na majani inaoza kwa miaka michache. Pori linarudi. Kisha anakuja mtu mwingine na karatasi, anasema: "Hapa hakukuwaka mutu." Maneno hayo tumeyasikia wote tangu tuliporudi. Lakini fasi iliyokaliwa haisahau upesi. Miembe iliyopangwa kwa mstari haikujipanda yenyewe. Michikichi mingi pamoja ni alama ya kijiji. Mafiga matatu chini ya udongo, jiwe la kusagia lililolika katikati, vigae vya vyungu, majivu, mfupa wa samaki mbali na ziwa: vyote vinasema mtu alikaa, alipika, alikula.

Hapa tuseme wazi, wandugu, juu tunajua nchi yetu. Kigae cha chungu hakina kabila. Mama Muvira, mama Mufuliiru, mama Mubembe, mama Murundi ao mama Munyamulenge, kila mmoja alitia maji katika chungu, na chungu kilipovunjika kilibaki chini. Akiolojia inaweza kusema watu walikaa hapa, wakati fulani, kwa namna fulani. Haiwezi kusema jirani yako aondoke. Mtu akileta kigae kwa kufukuza mwenzake, anakipa kigae kazi isiyo yake. Sisi tunatafuta ushahidi kwamba watu walihamishwa, ili asiwepo wa kutuambia kwamba mwenye kurudi ni mgeni.

Milango mitatu

Baada ya lazareti zilikuja lopitali zenyewe. Ukiingia katika lopitali nyingi za zamani za jimbo letu utaona umbo linalofanana: majengo marefu yaliyoachana, baraza kila upande, njia iliyofunikwa inayounganisha jengo na jengo. Umbo lile lilitoka kwa wazo kwamba hewa ikipita vizuri, ugonjwa hautaruka kutoka kitanda hadi kitanda. Kati ya 1949 na 1959, katika mpango wa miaka kumi, Wabeleji walitumia ramani za aina moja kwa kujenga lopitali katika teritware nyingi, pamoja na dispansere ndogo za kuizunguka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, kama Simon De Nys-Ketels na Johan Lagae, pamoja na wenzao Wakongo, wamesoma ramani zile na kuzilinganisha na yaliyotokea kweli.

Ramani inaonyesha mambo mawili. Kwanza, kugawanya watu. Katika miji ya Kongo kulikuwa na lopitali ya wazungu na lopitali ya weusi, na ya wazungu ilipewa fasi yenye hewa na utulivu. Haikuwa Kongo tu. Dar es Salaam, mwaka 1897, Wajerumani walifungua lopitali ya Ocean Road kando ya bahari kwa wazungu. Waafrika na Wahindi walikwenda kwa ile iliyojengwa kwa feza ya tajiri Sewa Haji. Jengo la Ocean Road linasimama hadi leo, linatunza wagonjwa wa kansa. Kuta ni zile zile, na leo zinapokea kila mtu.

Pili, ramani inaonyesha yale iliyosahau. Lopitali ya mukoloni ilihesabu kitanda, haikuhesabu mama aliyelala chini ya kitanda kwa kulinda mtoto wake. Lakini sisi tunajua, na wazee wetu walijua, hakuna mgonjwa wa kwetu anayekwenda lopitali peke yake. Kuna anayempikia, anayemfulia, anayekaa macho usiku. Ndiyo maana mwenye kuchimba akitafuta vizuri anapaswa kuangalia nje ya kuta: majivu kando ya uzio, mafiga nyuma ya jengo, tundu katika ukuta lililozibwa na kutobolewa tena, njia ya miguu inayokata bustani. Pale njo ilikuwa lopitali ya pili, ile ya ndugu. Bila ile, ya kwanza isingeponya watu wengi.

Sisi tuliokaa kambini tunasoma mambo haya bila shule. Tunajua foleni ya karte ilianza wapi, bomba lilikuwa wapi, na umbali kati ya hema la mwisho na dispansere. Aliyepanga kambi alikuwa na ramani, na sisi tulikuwa na njia zetu za kupenya.

Basi, nani aliingia? Kwa ufupi, kulikuwa na milango mitatu. Wa kwanza ni wa serikali, uliowekwa penye ofisi ya teritware, barabara na bandari. Wa pili ni wa kampuni: sheria ilidai mwajiri atunze wafanyakazi wake, kwa hiyo karte ya kazi njo ilifungua mlango, na asiye na kazi alibaki inje. Wa tatu ni wa misioni. Wasweden wa Kipentekoste walifika Uvira mwaka 1921, Wanorwe wakaenda Kaziba, Wametodisti Huru wakafanya kazi Nundu. Lopitali za Lemera, Kaziba na Nundu zimetoka kwa mizizi ile.

Nani hakuwa na mlango? Mtu wa juu milimani, mvuvi asiye na bwana, mama muchuuzi, mtu wa kijiji kilicho mbali na barabara. Huyu alitegemea miguu yake na munganga wa miti shamba. Sasa mwangalie ramani ya leo. Zoni za afya zilipangwa miaka ya 1980, na leo zinapita 500 katika Kongo nzima. Kila moja ilihitaji lopitali ya kutegemea, na mara nyingi ilichukuliwa ile iliyokuwapo tayari. Ndiyo jibu la swali la mkutano wetu. Lopitali iko kule juu kule ndiko zilikuwa ofisi, bandari, kampuni ao misioni, na sisi tuko huku juu huku hakukuwa na kitu serikali ilichokitaka.

Mganga aliyebaki

Tusiseme kwamba yote yalikuwa mabaya. Karema, kwenye ufuko wa mashariki wa Tanganyika, alifika mwaka 1889 mganga Mwafrika, Adrien Atiman. Alizaliwa sehemu za Timbuktu, aliibwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Mapadri Weupe, akasomea utabibu katika kisiwa cha Malta. Alioa Karema, akatunza watu wa pale, na akafa mwaka 1956. Ni zaidi ya miaka 65 katika fasi moja. Watu walimjua, na yeye aliwajua wajukuu wa wagonjwa wake wa kwanza.

Mwekeni kando ya jambo hili: uhuru ulipofika mwaka 1960, Kongo haikuwa na munganga hata mmoja Mkongo mwenye diplomi kamili. Kulikuwa na wasaidizi wa waganga, wauguzi na wakunga. Wazungu walipokimbia, wao njo walibaki na funguo. Uvira ilipoingia katika vita ya 1964, na katika vita zote zilizofuata, ni wauguzi wa kwetu waliobaki na wagonjwa kila palipowezekana. Majina yao hayako kwa jiwe lolote la ukuta.

Na kuna kuta tunazozitaja kwa heshima na kwa uchungu. Usiku wa tarehe 6 Oktoba 1996 lopitali ya Lemera ilishambuliwa, wagonjwa wakauawa kitandani na wauguzi pamoja nao. Munganga Denis Mukwege alikuwa mkubwa wa lopitali ile. Akiolojia ya lopitali haiishii kwa Wabeleji. Tundu la risasi katika ukuta nalo ni andiko, na tusiharakishe kulipaka rangi kabla halijaandikwa na kupigwa picha.

Kwa nini mtu anaogopa sindano

Mwaka 2021 Sara Lowes na Eduardo Montero walitoa utafiti juu ya makoloni ya zamani ya Ufaransa katika Afrika ya kati. Waliona kwamba fasi zilizopitiwa mara nyingi na vikundi vya kupiga malale, leo watu wake wanakubali chanjo kidogo kuliko wengine, na wanakataa zaidi kupimwa damu. Zamani zile watu walilazimishwa, walitobolewa mgongo, na dawa nyingine ziliwadhuru. Katika Kamerun, mwaka 1954, sindano za lomidini zilizopigwa kwa kuzuia malale ziliozesha mwili wa watu wengi kule Yokadouma, na wengine wakafa. Woga ule ulipita kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, hata kama mtoto hajui ulianzia wapi.

Uvira tuko na kolera karibu kila mwaka. Wahamasishaji wakifika katika avenyi na watu wakifunga milango, tusikimbilie kusema ni wajinga. Tuulize kwanza mlango ule ulifungwa tangu lini. Kisha tukae, tueleze, twende pamoja nao. Anayejua historia hii anasikiliza kwanza kabla ya kushurutisha.

Yale tunaomba kwenu

Mvua ya Aprili 2020, ile Mulongwe ilipotoka katika njia yake, ilibeba nyumba na watu wetu. Kiisha ziwa likapanda, likala fasi za ufukoni. Kila mara maji yakipita, kurasa nyingi za historia yetu zinakwenda nayo. Kwa hiyo tunaomba mambo machache yasiyodai feza.

Memba anayejua msingi wa dispansere ya zamani, kisima cha lopitali, makaburi ya wagonjwa ao mstari wa miembe ya kijiji kilichohamishwa, aseme kwa kamati. Tusichimbe sisi wenyewe, juu kitu kikishatolewa katika fasi yake kinapoteza nusu ya ushahidi. Tupige picha, tuandike jina la kilima ao la mto, basi. Tusibebe matofali ya zamani kwa kujengea choo. Aliye na fishi ya zamani ya baba ao ya bibi, karte ya kazi, karte ya chanjo, hata ya kambini, asiitupe. Vijana wakae na wazee waliokuwa wauguzi, wakunga na wapishi wa lopitali, waandike wakiwa bado nao.

Na wale wanaotuwakilisha katika kodesa, wakifika mbele ya wakubwa wa zoni, wasiombe kituo cha afya kama zawadi. Waeleze kwamba ramani ya matunzo ilichorwa wakati babu zetu hawakuulizwa, na kwamba kuirekebisha ni deni. Wataje kilomita na saa za miguu, na hesabu ya sanduku letu inayoonyesha feza ngapi zimekwisha kwa motari na ngapi kwa dawa. Hesabu ile tumeiandika kila mwezi, iko katika daftari la chama, na kila memba ana haki ya kuisoma.